Maziwa ya Mama Hawo na Pikipiki Mbili za Kwenda Kipini

Mmeniuliza habari za pikipiki kwenye foleni ya githeri, mmeniuliza bwenini, na mmoja wenu (anajijua) ameniuliza katikati ya mtihani wa Kemia, nikadhani anataka jibu la swali la nne. Kwa hiyo naandika mara moja. Someni, mpitishiane, na asije mtu akafungia mandazi karatasi zangu.

Wahusika kwanza. Baba mnamjua, ndiye aliyekuja siku ya wazazi na pikipiki ya kijivu mkadhani helikopta imetua. Hiyo naiita Mwalimu Mkuu, kwa sababu hukohoa mara tatu kabla ya kusema lolote, na akishasema kila mtu husimama wima. Ni pikipiki kubwa ya safari ndefu, yenye kioo kirefu cha kukata upepo na masanduku mawili ubavuni, zile zilizotengenezwa ili mtu aamke Mombasa alale Kampala. Baba aliinunua kabla mimi sijaota meno.

Ami Komora ni mdogo wake Baba. Yeye ana nyekundu, mpya, ya safari vilevile, ila imeinama mbele kama inataka kumpiga mtu kichwa. Hiyo naiita Bi Harusi. Haiguswi, haikai juani, na kila ikitoka nje lazima ipigwe picha.

Sote tunaishi ua mmoja Hola, na tangu Bi Harusi afike hakujawa na chakula cha jioni kilicholiwa kwa amani. Baba anasema yake, Ami anasema yake. Ipi inatulia barabarani, ipi inakunywa mafuta, ipi inachosha mgongo. Siku moja Mama akaweka mwiko chini akasema, "Ua wangu si gereji. Kabla ya mvua, moja iondoke. Sijali ni ipi."

Kuna Mzee Shee wa Kipini, rafiki wa zamani wa Baba, ambaye alikuwa akitaka pikipiki kubwa miaka mingi, yoyote ile. Basi wakakubaliana: twende Kipini na zote mbili, kwa barabara yetu hii hii, na itakayoshindwa njiani ibaki huko huko, auziwe yeye. Mimi nikawekwa jaji. Ami alisema ni kwa sababu mimi ni mwepesi wa kubebwa, na pia sina akili ya kutosha kupendelea.

Hapo alikosea. Nililelewa juu ya tangi la Mwalimu Mkuu. Nikiwa na miaka minne nilikuwa nalala pale, shavu kwenye chuma chenye joto, kutoka Hola mpaka kwa bibi kule Kinakomba, mkono mmoja wa Baba umenishika tumbo. Mwaka wa mafuriko barabara ilipokatika, waliipakia kwenye mtumbwi, nasi ndani. Bibi alisimama ng'ambo akiomba dua kwa sauti pikipiki isizame. Sisi tuliokuwa ndani ya mtumbwi huo huo hakututaja.

Mkidhani jaji wa namna hiyo anaweza kuhukumu kwa haki, hamjawahi kuona marefa wa shule yetu.

Hola hadi Minjila

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Nilianza nyuma ya Ami, daftari la Kemia limefungwa tumboni kwa mkanda.

Niseme ukweli, Bi Harusi anakimbia. Kulikuwa na basi mbele yetu linatema moshi. Ami akasema, "Jishike, Jaji," na kabla sijajua nijishike wapi, basi lilikuwa nyuma, dogo kama picha. Nikaandika: *kupita basi, nyekundu*. Mwandiko wangu wa mstari huo mpaka leo hausomeki.

Tatizo ni kwamba barabara yetu si ile ya kwenye video za pikipiki. Ami alipata kilomita moja ya raha, kisha shimo. Akapunguza. Kilomita nyingine, mbuzi. Akapunguza. Tuta, na Bi Harusi akakwaruza tumbo, kraaa, na Ami akafumba macho kama aliyekanyagwa yeye. Kioo chake cha upepo ni kifupi, kwa hiyo wadudu wote wa kaunti walipita juu ya kofia ya Ami wakaingia kwangu. Nilikula wawili. Mmoja alikuwa mchachu.

Na kila tuliposimama kunywa maji, hata chupa haijafunguliwa, tunasikia ule mngurumo mzito, na Baba anatokea taratibu, amekaa wima kama yuko kwenye kochi.

"Mmefika zamani?" anauliza.

"Zamani sana," anajibu Ami, huku bado anavua glavu.

Minjila, kwenye njia panda, tulijaza mafuta. Ya Baba ilikunywa kidogo, ya Ami ilikunywa kama ngamia aliyetoka Wajir. Nikaandika: *mafuta, kijivu*. Joto la injini kwenye magoti: kijivu, kwa sababu suruali yangu upande wa kulia ilikuwa inanukia kama pasi. Breki: nyekundu, mbali sana. Kuongeza kasi: nyekundu tena. Kuzuia wadudu: kijivu, kwa masikitiko.

Nikahesabu. Tatu kwa tatu.

Garsen, ambapo ubishi ulipata hakimu wa kweli

Tuliingia Garsen na njaa. Hoteli tuliyokaa ni ya Msomali mmoja mpole, na alituletea wali, nyama ya mbuzi na ndizi mbivu pembeni ya kila sahani. Ami akazirudisha ndizi, akisema hatujaagiza matunda. Mwenye hoteli akazirudisha mezani. Ami akazirudisha tena. Mwishowe mwenye hoteli akavuta kiti, akaketi, akamenya ndizi moja, akaikata juu ya wali wa Ami kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Kula hivyo. Halafu uniambie." Ami alikula. Alimaliza na ndizi yangu.

Nikawasomea matokeo. Tatu kwa tatu! Wakaanza upya, sauti juu, mikono hewani, mpaka watu wa meza ya pili wakageuza viti vyao watuelekee.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni na madumu ya maziwa akasema, "Nyinyi mnapiga kelele sana. Mnaenda wapi?"

Huyo ni Mama Hawo. Ni Muorma, anauza maziwa Garsen, na kila bodaboda mjini anamwogopa. Baba akamwambia tunakwenda Kipini kwa Mzee Shee.

"Shee? Bibi yake Zainabu ni kastama yangu." Akaziangalia pikipiki nje kwa muda mrefu. "Wewe nasema yako mzuri. Yeye nasema yake mzuri. Hiyo ni maneno ya mdomo. Mimi nikitaka kujua bodaboda mzuri, siulizi yeye. Nauliza maziwa."

Akatueleza. Bodaboda mbaya akibeba maziwa kutoka malishoni, yanatikiswa njia nzima, na ukifungua kifuniko unakuta mabonge ya siagi yanaelea. Huyo hapewi kazi tena. Bodaboda mzuri, maziwa yanafika kama yametoka kwa ng'ombe sasa hivi. Hivyo ndivyo wanavyochaguana wenye maziwa wote pale.

"Mimi iko na dumu mbili ya Zainabu. Wewe moja, wewe moja. Yenye siagi, hiyo pikipiki ni takataka."

Baba na Ami wakatazamana. Mambo yote mengine nilikuwa nimeandika kwa kuhisi na kupiga chuku. Hili halikuwa na chuku. Wakapeana mikono: maziwa yaamue, na itakayotoa siagi ibaki Kipini.

Mama Hawo alifunga vifuniko kwa uzi, fundo lake mwenyewe, asije mtu akachungulia njiani. Yalikuwa madumu mawili ya manjano, sawasawa, yananukia moshi wa kuni anazofukizia. Kwenye mpini wa la Baba akafunga kitambaa cha kijani, la Ami chekundu. Kisha akaniangalia mimi, si wao.

"Wewe unacheka nini?"

"Sicheki, Mama."

"Unacheka na macho."

Garsen hadi Witu

Safari hii nilipanda nyuma ya Baba. Akakohoa mara tatu (Mwalimu Mkuu, si Baba), tukavuka daraja la Tana. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Nikaweka kidevu kwenye bega la Baba kama zamani, nikagundua siku hizi sihitaji kunyoosha shingo. Zamani nisipoinyoosha nilikuwa naona mgongo tu. Dunia nzima ilikuwa koti la Baba, halafu tunafika.

Mbele kidogo ya kijiji cha Gamba tulikuta ng'ombe. Si ng'ombe kumi. Barabara yote ilikuwa pembe. Tulizima injini tukangoja, na mchungaji wao akaja kuangalia, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake. Alizunguka pikipiki zote mbili mara mbili. Akabonyeza gurudumu la Bi Harusi jinsi wanavyobonyeza nundu.

"Hii inakimbia?"

"Inakimbia sana," akasema Ami kwa furaha.

"Inakunywa kila siku?"

"Ikitembea, ndiyo."

"Inazaa?"

"Haizai."

"Ikifa, unakula?"

Mchungaji akamtazama kwa huruma ya kweli, akamshika bega, akaenda zake na ng'ombe wake. Baba alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Sijamwona akicheka hivyo tangu nilipokuwa mdogo, na nikajiambia, huyu mtu akirudi nyumbani bila pikipiki hii, atacheka na nini?

Hapo ndipo mchezo uliponiishia.

Witu hadi Kipini

Witu tulikunywa chai ya tangawizi na mahamri, kisha lami ikaisha. Kutoka hapo ni barabara ya vumbi yenye mawimbi madogo madogo kama bati la kuezekea, na kila wimbi unalisikia kwenye meno.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu kosa langu linaanzia hapa.

Mwalimu Mkuu ni mzee. Ubao wa plastiki wa ubavuni umeshikwa na waya. Bamba la namba limebaki na skrubu moja. Masanduku yana funguo, visu, spana na kikombe cha bati ambacho Baba hakitoi tangu mimi nizaliwe. Kwenye zile bati za vumbi vyote vilianza kuimba. Kulikuwa na kelele kama harusi ya masufuria. Nyuma yangu nasikia dumu, chubwi, chubwi, chubwi. Na mbele yetu Ami anateleza kimya, hakuna kinacholia kwenye Bi Harusi, anaonekana kama amebebwa na malaika.

Nikasema moyoni: siagi. Hii yetu sasa hivi ni siagi, labda hata samli.

"Baba, punguza!" nikapiga kelele.

"Nini?"

"Maziwa!"

"Ngoja tufike, utakunywa!"

Njia ile ile nilipita naye nikiwa darasa la pili, tukienda harusi ya binti yake Mzee Shee. Nilivaa kanzu nyeupe na tulipofika ilikuwa rangi ya barabara. Baba alinipiga piga vumbi nikawa kama godoro, akasema, "Sasa unafanana na mtu aliyetoka mbali." Nilijiona mkubwa wiki nzima.

Kipini, wakati wa alasiri

Tulifika kukiadhiniwa. Mzee Shee alitupokea barazani, kofia yake imepinda, mikono imefunguka. "Ndooni, ndooni! Huyu mwana amekuwa mnazi!" Mkewe, Bi Zainabu, alikuwa jikoni, harufu ya samaki wa nazi imetutangulia mlangoni. Madumu yakashushwa, yakawekwa barazani kwenye kivuli, na wanaume wakaenda kutawadha.

"Na wewe?" akauliza Baba.

"Naja. Nayalinda maziwa, asije paka."

Hapakuwa na paka.

Walipokata kona, nilifanya jambo ambalo halikunichukua hata muda wa kuimba wimbo wa taifa. Nilifungua kitambaa cha kijani, nikafungua chekundu, nikavibadilisha. Mafundo ya Mama Hawo kwenye vifuniko sikuyagusa. Kisha nikakimbia msikitini, nikasali kwa unyenyekevu ambao Mungu na mimi tu ndio tunajua ulitoka wapi.

Tuliporudi, Bi Zainabu alitoka na sufuria mbili na chujio. Mzee Shee, Baba na Ami wakasimama kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Akakata uzi wa dumu lenye kitambaa chekundu kwanza, la Ami kwa macho ya watu. Maziwa yakamiminika meupe, laini, chujio halikushika kitu.

Nikashangaa kidogo. Nilitegemea siagi hapo.

Akakata la kijani. Puu! Bonge likaziba mdomo wa dumu. Akatikisa, likatoka jingine, na jingine, ya manjano, makubwa kama ndimu.

"Lo," akasema Bi Zainabu. "Hapa mtu angepaka mkate."

Akili yangu ilichukua muda. Dumu lenye kijani ndilo lililokuja na Ami. Ami, aliyeteleza kimya kama malaika! Kumbe Bi Harusi hapigi kelele kwa sababu ni mgumu kama meza, kila wimbi la barabara linapita moja kwa moja juu. Na Mwalimu Mkuu, pamoja na harusi yake ya masufuria, alikuwa amebeba maziwa kama mtoto mchanga. Alikuwa ameshinda. Mimi ndiye niliyemfanya ashindwe.

Nilitaka kusema. Walahi nilitaka. Lakini Baba hakubishana hata kidogo. Alitazama sufuria, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha Mzee Shee. "Ni yako," akasema. Mzee Shee akasema, "Tusome Fatiha, iwe na baraka." Mikono yote ikapanda. Na yangu. Niliitikia amina kwa sauti, mimi mwizi, na ilipokwisha wakapangusa nyuso, biashara ikawa imefungwa kama inavyofungwa pande zetu.

Labda ningenyamaza mpaka leo. Lakini Baba akamchukua Mzee Shee kwa mkono mpaka kwenye pikipiki, akaanza kumweleza. "Asubuhi usimkimbize. Mwache apate joto. Gia ya pili ina ukaidi kidogo, ikanyage kwa kisigino. Akizima kwenye maji usiogope, mngoje, atawaka." Alikuwa anasema kama mtu anayemwacha mtoto shule ya bweni.

"Nimebadilisha," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, nikapiga kelele, "Nimebadilisha vitambaa! Siagi ni ya Ami!"

Ami akanitazama, kisha akaitazama mikono yake, akaikunja na kuikunjua. Angeweza kukataa. Badala yake akasema polepole, "Vidole vyangu havina hisia tangu Witu. Nilikuwa najiuliza." Kisha, "Kaka, chukua yako. Yangu ndiyo ibaki."

"Mimi sina neno," akasema Mzee Shee. "Mkitaka kubadili, badilini."

Baba alinitazama. Halafu, hamtaamini, uso wake ukafunguka. "Komora," akasema, "rudia. Maziwa yangu yalifikaje?"

"Kama yametoka kwa ng'ombe," akasema Ami.

"Mbele ya mashahidi."

"Mbele ya mashahidi, kaka."

Baba akapiga kiti cha Mwalimu Mkuu mara mbili, taratibu. "Basi hilo limekwisha. Lakini Fatiha tumesoma juu ya huyu, si juu ya ile. Fatiha haifutwi na kifutio." Nilianza kulia, na nisisikie mtu akicheka huko bwenini. Nilimwomba anichape. Akakataa.

"Sikuchapi. Kila atakayeuliza pikipiki imekwenda wapi, si mimi nitakayejibu, wala si ami yako. Ni wewe. Na utasema yote, bila kupunguza."

Kipini hadi Hola

Tulirudi asubuhi yake, watatu juu ya Bi Harusi, mimi katikati kama nyama kwenye sambusa. Baba alikuwa wa nyuma. Hajawahi kukaa nyuma maishani mwake na hakujua aweke wapi mikono, mara kwenye magoti, mara kwenye mabega yangu. Kwenye lami alianza kumwambia Ami gia za kutumia.

Garsen, Mama Hawo aliuliza nani ameshinda. Nikamweleza yote. Alinipa kikombe cha maziwa, akaniambia ninywe nikiwa nimesimama, kwamba mtu kama mimi haketi kwanza.

Tulifika Hola jua likianza kupungua. Mama alikuwa uani anachambua mchicha. Alisikia injini moja tu, akainua kichwa, akahesabu.

"Ya baba yako iko wapi?"

Ami akajifanya anapangusa kioo. Baba akavua kofia, akaniangalia.

Nikamweleza Mama. Maziwa, vitambaa, alasiri, Fatiha. Sikuruka kitu. Mama, ambaye kwa miaka yote alikuwa akiiita ile pikipiki rundo la mabati, aliendelea kuchambua mchicha mpaka nilipomaliza, akichambua na majani mazuri pia, anayatupa.

"Huyo Mzee Shee," akasema mwishoni, "ana banda? Au itanyeshewa?"

Ningeweza kusema analo. Lilikuwa neno moja tu.

"Sikuona banda, Mama," nikasema.